Mfuniko wa Kuazima

Kabla ya kugusa ufunguo, Taratibu aligusa boneti. Aliikuta baridi kama mtungi, ndipo akaifungua. Akatoa kitambaa mfukoni, akaufunika mfuniko wa rejeta, akaukandamiza na kuuzungusha polepole huku ametega sikio. Haukupumua. Vizuri. Akaugeuza chali kama mtoto anayetazamwa meno. Mpira wa chini ulikuwa laini, hauna ufa. Springi ilibonyea na kurudi. Kijisahani cha katikati kilivutika kidogo, kikaachia. Akaufuta, akafuta na shingo ya rejeta, akaongeza maji kidogo, akafunga mpaka ukagota.

Mkewe alikuwa mlangoni, shati lililopigwa pasi likiwa limelala mikononi mwake. Alisema laiti naye angekaguliwa hivyo kila asubuhi, asingezeeka.

"Wewe huchemshi," Taratibu akamjibu.

"Nani kakwambia?"

Akavaa shati huku anacheka. Jina la Taratibu alipewa na madereva wenzake kwa mwendo wake wa barabarani, likamganda mpaka kwa wakwe. Na uchunguzi ule wa kila asubuhi haukuwa wazimu. Mfuniko wa rejeta si kama wa sufuria. Wa sufuria ukiwekwa upande chakula kitaiva tu. Wa rejeta ndio unaobana pumzi ya maji yasichemke mapema. Ukilegea, maji hutoroka kidogo kidogo, na dereva hagundui mpaka injini imeshaungua. Taratibu alilijua hilo kwa kuonja. Kwa muda mrefu alikuwa na mfuniko uliochoka, kaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na kila safari anabeba madumu ya maji kama mtu aliyehamishwa na ukame. Hatimaye akanunua mfuniko halisi, wenye namba ile ile iliyochongwa kwenye rejeta, na mwezi huo viatu vya watoto vikasubiri.

Leo vilikuwa vimekwisha kusubiri. Gari lilikuwa la Sista, nesi mstaafu aliyelirithi kwa marehemu mumewe, na Taratibu alilifanyia kazi kwa mapatano ya mdomo: kila wiki ampelekee hesabu ya fedha, na hesabu ikitimia gari liwe lake. Hesabu ilitimia tangu mvua za mwaka jana. Sista akawa anasema kesho, mara mguu unamuuma, mara mwanawe hajakubali. Mwanawe alitaka gari liuzwe lingali na uhai. Lakini juzi Sista alimwita Taratibu mwenyewe, akamwambia wapande pamoja mpaka ofisi za magari kule kilimani. Gari likaguliwe, lipewe stika, kisha wahamie dirisha la pili waandikishane.

"Umenitunzia injini ya marehemu," alimwambia. "Ifikishe pale juu ikiwa hai, baba, uondoke na gari lako."

Alipofika kituo cha teksi alimkuta Pacha anamsubiri, kakaa juu ya boneti ya teksi yake, miguu inaning'inia.

Pacha na Taratibu hawakufanana hata vivuli. Mmoja mrefu mwenye maneno, mwingine mfupi mwenye subira. Ila walipata leseni siku moja, wakaoa mwaka mmoja, na askari mmoja ndiye aliyewaandikia wote wawili faini ya kwanza. Tangu hapo kila mmoja humwita mwenzake Pacha, na watoto wao huitana ndugu.

"Pacha, nisitiri," alisema Pacha. "Nakwenda kukaguliwa sasa hivi."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kituo kile kilikuwa na desturi yake: gari moja likienda ukaguzi, kituo kizima hubaki uchi. Mwenyekiti wa kituo alikuwa ameshatoa tairi la spea. Mwingine katoa kizima moto, mwingine mikono ya waipa. Kilichobaki ni mfuniko wa rejeta, maana wa Pacha ulikuwa na mpira uliopasuka kama kisigino cha mkulima, na kila akikanyaga mafuta maji yaliruka mpaka kwenye kioo.

Taratibu alisita kidogo. Alimkumbusha kuwa leo ndiyo siku yake, kwamba kwa Sista anatakiwa kabla ya adhuhuri. Pacha akaapa kwa watoto kuwa atakuwa amerudi kabla chai haijapoa. Basi mifuniko ikabadilishana: mzuri ukaenda kwa Pacha, kisigino cha mkulima kikakaa kwenye rejeta ya Taratibu, na gari la Taratibu likabaki limeegeshwa, halithubutu kutembea na kofia ya mwendawazimu.

Chai ilipoa, ikanywewa, ikachemshwa nyingine. Jua lilipokuwa limeshapanda ndipo Pacha alipoingia kituoni anapiga honi kama bwana harusi, stika mpya inang'aa kwenye kioo. Madereva wakamshangilia. Akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye gari la Taratibu, akafungua boneti mwenyewe, akainama na kitambaa, akahangaika humo ndani, kisha akaifunga kwa kishindo.

"Nimekurudishia kiungo chako, Pacha. Nenda ukaoe."

Mkono wa Taratibu ulimwasha. Alitaka kufungua aone. Lakini desturi ya kuazimana ilikuwa na adabu yake: kilichorudi hakikaguliwi mbele ya aliyekirudisha. Ukilizungusha tairi kutafuta msumari, umemwita mwenzio mwizi mbele za watu. Na adabu hiyo Taratibu ndiye aliyekuwa mhubiri wake mkuu. Kila dereva mgeni alifundishwa na yeye. Pacha alikuwa amesimama pale pale, kaegemea boneti kwa kiwiko. Mwenyekiti na wenzake walikuwa wameacha karata zao, wanatazama. Taratibu akadhani wanamtakia heri. Akawapungia mkono, akaondoka.

Sista alikuwa tayari barazani, kavaa gauni la kutokea, mkoba umebanwa kwapani na ndani yake kadi ya gari iliyofungwa kwenye nailoni. Aliingia mbele, akapapasa dashibodi kama anayempapasa mtu begani. Njiani alisimulia jinsi marehemu alivyolileta gari nyumbani akakataa linyeshewe mvua, wakalala yeye na watoto upande mmoja wa chumba ili vitu vya stoo viingie ndani na gari likae stoo. Taratibu alishaisikia hadithi hiyo mara nyingi, lakini leo aliicheka upya, maana ilikuwa inakaribia kuwa hadithi ya gari lake.

Kwenye tambarare mambo yalikuwa shwari. Kilima kilipoanza, mshale wa joto ukajitikisa, ukaanza kupanda nao.

Taratibu aliuona. Siku nyingine yoyote angeegesha hata kama ni mlangoni mwa askari. Leo alijisemea kuwa mshale umezeeka. Mfuniko si mpya? Si ameukagua kwa mikono yake asubuhi? Rejeta haivuji, mpira mzima, springi nzima. Mwongo ni mshale. Nyuma yake magari yalikuwa yanapiga honi, barabara ni nyembamba, na Sista alikuwa anasema dirisha la pili hufungwa mapema. Akabadili gia, akaendelea. Mshale ukafika mahali palipochorwa nyekundu, ukalala hapo.

Kwanza ilikuja harufu ya kitu kitamu kinachoungua. Kisha mvuke ukapasuka kando ya boneti, mweupe, mwingi, ukaziba kioo. Injini ikagonga kwa ndani kama mtu aliyefungiwa, ikanyamaza. Taratibu alivuta breki ya mkono, gari likasimama katikati ya mlima, ofisi za magari zikionekana pale juu na paa lake la bati la bluu.

Sista hakupiga kelele. Alishuka, akasimama pembeni, mkoba kifuani.

"Umemuua," alisema.

Taratibu alianza kueleza, akagundua hajui anaeleza nini. Alikuwa bado ana hakika ya mfuniko. Alisema labda ni pampu, labda ni feni, labda ni bomba. Sista alikuwa hamsikilizi, anatazama barabarani. Teksi moja ilikuwa inashuka kutoka juu, imeshashusha abiria, stika inametameta. Sista akaipungia mkono, akaingia kidogo barabarani kuizuia, na dereva hakuwa na njia ila kusimama.

Alikuwa Pacha.

Sista alimwambia amrudishe nyumbani. Pacha alifungua mlango kwa kunyoosha mkono, hakushuka. Hakuuliza kumetokea nini, jambo lisilo la kawaida kwa mtu aliyekuwa akiuliza hata kuku wa jirani kataga mangapi. Hakutaja kamba ya kuvutia, wala maji. Alikaza macho mbele kama mtu anayefanyiwa mtihani wa leseni. Taratibu alimwita, "Pacha." Pacha akasema atarudi. Gari likashuka.

Mvuke ulipokwisha, Taratibu alikaa kwenye jiwe akasubiri. Hata wakati ule hakuharakisha. Rejeta yenye moto ikifunguliwa kwa pupa hung'oa uso. Fundi mwenye kibanda jirani alikuja na stuli yake, wakakaa pamoja kama kwenye msiba. Boneti ilipopoa, Taratibu akaweka kitambaa, akakandamiza, akazungusha. Mfuniko ulitoka bila hata kubisha.

Aliugeuza chali. Ufa ulianza ukingoni mwa mpira ukazunguka nusu nzima, mweusi, mkavu. Springi ilibonyea, haikurudi.

Fundi alichovya kidole kwenye maji yaliyosalia, akamwonyesha. Yalikuwa yamechanganyika na oili, rangi ya chai ya maziwa. Alisema gasketi imeungua, na kwa jinsi ilivyochemka, hedi, kile kichwa cha injini, nayo imepinda. Alisema kwa sauti ya chini, kama anavyopaswa mtu kutoa habari hizo. Kisha akauliza kama mfuniko huu ni wa gari hili kweli.

Alishuka mlima kwa miguu, mfuniko mkononi. Akili yake ilijitahidi kumtetea Pacha njia nzima. Pengine alisahau. Pengine aliuchanganya na wake, akabaki nao kwenye gari lake, na hivi sasa anatafuta njia ya kuurudisha. Alifika kituoni na utetezi wake umeiva. Pacha alikuwa amesharudi, kakaa kwenye benchi. Taratibu hakumsalimia. Akafungua boneti ya teksi ya Pacha, mbele ya kila mtu. Karata zikasimama mikononi.

Juu ya rejeta ya Pacha palikuwa na kopo la maziwa lililokatwa, limefungwa kwa waya.

"Uko wapi?"

"Kaa kwanza, Pacha."

"Uko wapi mfuniko wangu?"

Pacha aliinamisha kichwa. Alisema alipofika mbele ya mkaguzi, gari lilikaguliwa vizuri tu, kila kitu kimo. Ila mkaguzi akakaa na stika mkononi, haiandiki, anaipepea tu kama anajipunga joto. Akasema gari lake la nyumbani ni aina hii hii, na mifuniko siku hizi haipatikani. Ama huo mfuniko, ama kitu kidogo cha chai.

"Ulikuwa na cha chai?"

"Nilikuwa nacho."

"Sasa?"

"Nilikuwa nacho, Pacha. Lakini mfuniko ulikuwa karibu."

Aliposema hivyo hata yeye mwenyewe alionekana kujisikia. Akaongeza haraka kwamba alidhani Taratibu atafika tu, kilima chenyewe si kirefu, na jioni angemnunulia mwingine bila mwenyewe hata kujua. Alivyoinama pale kwenye boneti asubuhi, hakuwa ametoa wala kuweka kitu. Aliufuta kisigino chake, basi.

Taratibu aliwageukia wengine. Ilimwingia sasa, polepole kama kila kitu kinavyomwingia, kwa nini karata ziliachwa asubuhi.

"Mlijua?"

Mwenyekiti wa kituo alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Aliweka karata chini, kifudifudi, kama mtu anayetarajia kurudi kuzicheza. Alisema Pacha alimwambia mmoja wao walipopishana kona ya juu, habari ikafika kituoni kabla yake, na wao waliona si jambo la kugombanisha ndugu siku ya neema.

"Mngeniambia tu."

"Tungekwambia kwa desturi gani?" Mwenyekiti akauliza bila ukali. "Spea niliyokurudishia mwaka juzi, wewe unadhani ilikuwa ni ile yako? Jeki ya huyu hapa, unajua inalala nyumba gani? Kila mmoja hapa kaacha kitu cha mwenzake kule juu. Ndiyo maana hatukagui, ndugu yangu. Tungekuwa tunakagua, nani angeazima?"

Mmoja alicheka kidogo, akakohoa kuficha. Taratibu aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowafundisha adabu ile kwa mdomo wake, na wote walimtazama kwa huruma ya watu wanaomwona mwenzao kachelewa kukua.

Simu ikalia. Alikuwa Sista. Sauti yake ilikuwa laini, ile ya kumwambia mgonjwa kuwa daktari leo hayupo. Alisema ameongea na mwanawe. Kijana kapata mtu wa vyuma chakavu, anakwenda na kamba jioni hii hii, ufunguo aukute kwa fundi.

"Mama, hesabu yako nilimaliza," Taratibu akasema. "Niachie hivyo hivyo lilivyo. Nitalifufua mwenyewe, hata kwa mwaka."

"Najua ulimaliza, baba. Lakini karatasi haikusainiwa, na mimi ni mjane, mambo haya sasa anayashika yeye. Nitakuombea."

Alipoweka simu mfukoni, Mwenyekiti alikuwa ameshamwelewa. Walivutana pembeni, wakanong'ona, kofia ikapita mkono kwa mkono, na mmoja wao akawasha gari. Aliporudi alikuwa na kiboksi kipya ambacho plastiki yake haijachanwa. Pacha ndiye aliyetangulia kusukumwa mbele akabidhi, lakini akarudi nyuma, basi Mwenyekiti akakabidhi mwenyewe. Ndani ulikuwa mfuniko wa rejeta, namba ile ile, unang'aa kama sarafu ya sadaka.

Alisema ni pole ya kituo. Aliomba pia, kama mzee wao, jambo liishie hapa. Mtu asipande kule kilimani kudai wala kutukana, maana magari yao yote yanapita kwa mkono wa yule yule mmoja, na akikasirika watoto wa kituo kizima watalala na njaa. Pacha naye alisema, akitazama chini, kwamba gari lake lipo. Wagawane, yeye asubuhi, Taratibu mchana.

Taratibu alikipokea kiboksi. Alishukuru, kwa sababu alilelewa kushukuru. Kisha akaanza kutembea, na walipoona anaelekea mlimani Mwenyekiti alimwita mara mbili. Hakugeuka. Hakuongeza mwendo pia.

Alipita kwenye gari. Kijana mmoja alikuwa ameshalala chini anatafuta pa kufunga kamba. Taratibu alimpa ufunguo fundi, akapandisha.

Kwenye dirisha la ukaguzi kulikuwa na foleni fupi ya mwisho wa siku. Alisubiri zamu yake. Mkaguzi alikuwa kijana mnadhifu, miwani safi, kikombe pembeni, uso wa mtu asiye na ugomvi na yeyote. Taratibu aliweka kiboksi juu ya kaunta, akakisukuma mbele kwa kidole.

"Mwingine huu," alisema, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Nimeona nikuletee mwenyewe. Usihangaike kuungoja."

Alitarajia mkaguzi aone haya, au afoke, au amwite mlinzi. Alikuwa amejiandaa kwa yote matatu. Mkaguzi alikifungua kiboksi, akasoma namba, akatikisa kichwa kuridhika, akavuta droo. Ndani mlikuwa na plagi, balbu za taa, kidhibiti cha feni, na mifuniko mingine kadhaa imelala kama mayai. Akakilaza kiboksi humo, akafunga. Kisha akavuta kitabu cha stika, akashika kalamu.

"Namba ya gari?"

Taratibu alimtazama. "Gari liko chini pale. Injini imekufa. Linavutwa na mtu wa vyuma chakavu."

"Sijakuuliza liko wapi, mzee. Namba."

Akaitaja. Herufi kwa herufi, akazitamka vizuri, maana alizifuta kwa kitambaa kila siku miaka yote ile. Mkaguzi akaandika, akagonga muhuri, akachana stika, akaipitisha dirishani.

"Mwakani uje mapema. Jioni huwa nimechoka."

Taratibu aliishika stika kwa kingo. Akabandua karatasi ya nyuma bila kuichana, akaipulizia vumbi. Halafu akaibandika kwenye kioo cha dirisha, usawa wa macho ya mkaguzi, akaipitishia kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni ili isibaki na kiputo hata kimoja.

Stika hizo hutengenezwa zisibanduke, kuzuia wizi. Alipokuwa anatoka getini alisikia nyuma yake ukucha unakwaruza kioo, na mtu wa pili kwenye foleni akiuliza, kwa adabu, kama gari lililopita ukaguzi ni hilo dirisha.